Kurasa Tulizotia Sahihi Mapema

Duka la Kopi, mkabala na shule,
S.L.P. 218.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji na wale wanangu wawili. Mgongo unasemaje? Mara ya mwisho uliniambia daktari amekukataza kuinama, nami nikacheka peke yangu, maana tangu utoto wetu sijapata kukuona ukiinama na ufagio bila kulazimishwa. Nisamehe, nakutania. Natumaini umepata nafuu, shemeji bado yuko kiwandani, na watoto wanaendelea na masomo.

Hapa tupo. Mama anakula vizuri, ni magoti tu yanayomsumbua asubuhi, na ulimi wake haujapungua makali. Baba watoto yuko safarini na lori, tunamwona kila baada ya siku kumi. Mimi nikikwambia sijambo nitakuwa nimekudanganya. Maji yamenifika shingoni, Dada. Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu ningelia tu na usingeambulia kitu.

Unakumbuka nilivyokupigia kwa mbwembwe miaka minne iliyopita kukuambia nimechaguliwa kuwa katibu wa bodi ya shule. Nilijiona nimefika. Ukweli ni kwamba walinichagua kwa kuwa nina kompyuta na mashine ya kopi, si kwa akili. Bodi ina watu tisa. Mwenyekiti ni mzee mmoja mstaafu wa reli, tunamwita Kwa Ufupi, maana kila akisimama husema "kwa ufupi", kisha anaongea saa nzima. Yumo muuguzi wa zahanati, yumo muuza mbao, yumo mwalimu mkuu, na wengine ambao mchango wao mkubwa ni kuuliza soda zimefika au bado.

Kazi yenyewe si ndogo, usije ukadharau. Sisi ndio tunaoamua chumba kipi kitumike na darasa lipi, paa lipi lizibwe kwanza, mwalimu mchelewaji aitwe au asamehewe. Na kila tunaloamua, muhtasari wake lazima uwe na sahihi za watu wote tisa ndipo ofisi ya elimu iupokee. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Kikao kinaisha Jumamosi, mimi nachapa Jumatatu, halafu nazunguka wiki mbili nikisaka sahihi. Muuguzi yuko zamu, muuza mbao yuko porini, Kwa Ufupi amelala na hataki kuamshwa. Nilimaliza soli za viatu jozi mbili mwaka ule wa kwanza.

Basi nikabuni ujanja. Nikachapa ukurasa wa mwisho peke yake, wenye neno "Imethibitishwa" na mistari tisa tu. Mtu akiingia kikaoni anatia sahihi kwenye daftari la mahudhurio, anatia na kwenye ule ukurasa, anakaa. Mimi nikishachapa muhtasari naubana na ukurasa wangu uliokwisha kusainiwa, kazi imekwisha. Walinipigia makofi. Kwa Ufupi alisema hajapata kuona katibu mwenye kichwa kama changu, na kwa mara ya kwanza hakuongeza neno.

Sasa nikueleze habari ya Macho wetu. Tulimpa jina hilo kwa sababu hakuna kinachompita, anajua mgeni anakuja kabla sisi hatujasikia hodi. Ulipomwona mara ya mwisho alikuwa na miaka saba, hasikii, hasemi, anavuta nguo za watu na kujigonga kichwa ukutani kwa hasira ya kutoeleweka. Nilikuwa nikimfungia ndani nikienda dukani. Naandika hivyo na aibu inanishika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kikao cha kwanza tulichotumia kurasa zangu ndicho kilichofungua darasa la viziwi. Hakuna aliyepinga. Tulipewa chumba kidogo mwisho wa veranda, kile kilichokuwa stoo ya madawati mabovu, na mwalimu akaletwa, kijana mpole ambaye mikono yake haitulii. Watoto sita. Dada, baada ya miezi mitatu Macho alirudi nyumbani akanisimulia ugomvi wa majogoo wawili, kwa vidole, mwanzo mpaka mwisho, na nani alianza. Nilikaa chini jikoni nikalia. Mtoto wa miaka minane, na ile ndiyo hadithi ya kwanza aliyowahi kunisimulia.

Mwezi wa nne mwaka huu, karani wa shule aliniletea dukani barua ya kutoa kopi sita. Mimi sisomi barua za watu, naweka, nabonyeza. Karatasi ya tano ikakwama ndani ya mashine. Nikaivuta, nikainyoosha kwenye meza, ndipo nikaona. Bodi imeamua kulifunga darasa la viziwi, chumba kitumiwe na darasa la mtihani, wazazi wa watoto sita watafute shule maalumu. Ukurasa wake wa pili ulikuwa na sahihi tisa. Ya tatu kutoka juu ni yangu, na ile mikia yake ninayojivunia.

Kikao cha uamuzi huo hakikuwahi kufanyika. Kuna Jumamosi mvua ilinyesha, tukafika wote tukatia sahihi kama kawaida, kisha mwalimu mkuu akaitwa kwa sababu ukuta wa choo umeanguka, tukatawanyika. Ule ukurasa ulibaki kwenye faili, na faili nililiacha ofisini kwake. Ni mimi niliyeliacha.

Nilikwenda nyumbani kwa Kwa Ufupi. Nilitegemea kumkuta mwizi, nikamkuta mzee amekaa barazani anamenya chungwa. Akanieleza bila kujificha kwamba darasa la mtihani lina watoto themanini na tano, wengine wanaandikia magotini, na mwalimu mkuu alimlilia apate chumba. Aliona ni jambo ambalo wote tungelikubali, sasa ya nini kusumbua watu? Nilipomwambia ametumia sahihi zetu bila ruhusa, alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Mwanangu," akasema, "si wewe uliyetufundisha kwamba sahihi inaweza kutangulia?"

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja ofisi ya elimu kushtaki. Njiani muuguzi alinishika mkono akinisihi nitulie kwanza, nipige hesabu, kwa kuwa moto huo ungeweza kutuunguza sote. Nikamjibu vibaya. Nikamwambia yeye watoto wake wanasikia. Hajanisemesha tena, na hiyo ni haki yake.

Ofisa elimu alikuja Jumanne iliyofuata. Ni mwanamke wa rika lako, mtaratibu, miwani mikubwa. Tulikaa wote tisa ofisini kwa mwalimu mkuu, na wazazi wa wale watoto wengine watano wamesimama dirishani. Nilisimama nikasema yote, ujanja wangu wa kurasa, ile Jumamosi ya mvua, kila kitu. Nilisema vizuri, Dada. Nilijisikia jasiri. Hata muuza mbao aliinamisha kichwa. Ofisa akatangaza kwamba uamuzi wa kulifunga darasa ni batili, na huko nje mama mmoja, muuza viatu, akapiga vigelegele.

Kisha akaomba faili zima. Akafunua taratibu, muhtasari mmoja baada ya mwingine, miaka mitatu. Sahihi tisa, kalamu moja, ukurasa wa mwisho usio na neno jingine lolote. Akafika ule wa kufungua darasa la viziwi. Akaniuliza na huu je, ulisainiwa kabla ya kikao au baada? Nilikuwa nimeshaapa kusema kweli. Nikasema kabla.

Alivua miwani. "Basi mama, kwa karatasi hizi, darasa la viziwi halijawahi kufunguliwa. Siwezi kuzuia kisifungwe kitu ambacho hakipo."

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi niliingia na watoto sita.

Nilipiga magoti, sikuona haya. Nikamwambia uamuzi ule ulikuwa wa kweli, watu tisa walikaa wakazungumza wakakubali, mimi nilikuwepo. Akasema anaamini, lakini yeye hawezi kupeleka imani yangu kwa wakubwa wake, anapeleka karatasi. Bodi imesimamishwa. Mpya itachaguliwa mwisho wa mwaka, ndipo iombe upya, ndipo mkaguzi aje, ndipo mwalimu apangwe. Tukiwa na bahati ni miaka miwili. Yule kijana alihamishwa wiki hiyohiyo. Aliondoka na begi moja, na watoto wakamsindikiza mpaka barabara kuu wakimpungia, wanamwongelesha kwa mikono mpaka gari likapotea.

Mama muuza viatu hanisalimii. Nikipita anageuza uso, na mwanawe wa kiume amerudi kukaa chini ya meza ya biashara kutwa nzima. Kwa Ufupi yeye anakuja dukani kila siku kukaa tu, hasemi, na mzee yule akinyamaza ujue mambo yameharibika. Chumba cha mwisho wa veranda kimefungwa kwa kufuli, maana nacho kinasubiri uamuzi wa bodi mpya. Wale themanini na tano wanaendelea kuandikia magotini. Hakuna hata mmoja aliyefaidika.

Macho wamemweka darasa la nne, dawati la nyuma. Ananakili kila kilicho ubaoni kwa mwandiko mzuri na haelewi hata neno. Wiki ya kwanza alirudi akanionyesha kwamba midomo ya mwalimu inakimbia. Wiki ya pili hakunionyesha chochote. Juzi nimesikia kishindo chumbani, nikakimbia, nikakuta ameanza tena ukuta. Ana miaka kumi na moja, Dada, ana nguvu sasa, na mimi peke yangu siwezi kumshika. Mama anasema ni mapenzi ya Mungu. Nimemwambia ni mapenzi ya katibu.

Kwa hiyo nakuja kwako. Nimekata tamaa kabisa na sina mlango mwingine wa kugonga. Mjini kwenu ipo shule ya viziwi, ya kutwa, haina bweni. Yule mwalimu kabla hajaondoka aliandika barua na nafasi imepatikana. Muhula unaanza Jumatatu ya tarehe 6 Julai, asipofika siku hiyo nafasi anapewa mwingine. Nakuomba umpokee. Najua nyumba yenu ni vyumba viwili, najua mgongo wako, najua shemeji hakuulizwa. Najua pia ninachokitaka, kumtoa mwanangu nyumbani kwa kosa langu mimi. Kama jibu ni hapana, usiliandike kwa upole, liandike haraka.

Nisalimie shemeji, mwambie nitampigia magoti nikifika. Wabusu wanangu wote wawili, mkubwa na yule mtundu. Mama anakusalimu na anasema ule mto wa viti uliomwahidi anausubiri bado. Baba watoto naye anakusalimu. Mungu akuwekee mgongo wako, na mlango wako usikose mtu wa kuufungua.

Limebaki moja, nimeliacha mwisho kwa sababu linaniumiza kuliko yote. Jana nilimweleza Macho kuhusu safari. Akaniuliza kwa mikono yake, huko nyumbani nitaongea na nani? Nikamwambia mama mkubwa anajua alama zote. Alinitazama usoni, unajua anavyotazama, nami nikaurudia uongo wangu bila kupepesa. Akacheka. Ni mara ya kwanza kumwona akicheka tangu mwalimu wake aondoke, na tangu jana anapanga na kupangua nguo zake.

Humu ndani ya bahasha kuna karatasi nne. Nimechora mikono, mingine imetoka kama reki, lakini nimeandika chini ya kila mmoja unavyofanywa. Maji. Njaa. Naumwa wapi. Usiogope. Njoo ulale. Umenisimulia vizuri. Alama ziko arobaini na mbili, ndizo zote ninazozijua mimi mama yake. Anza leo, Dada, mbele ya kioo. Atashuka kwenye basi akiwa ameshanyanyua mikono kukuamkia.

Akupendaye na kukutegemea,
Mdogo wako.