Kuku Aliyezidi Chumvi

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Mungu wangu, nakusalimu kwanza. Hapa Kanyangi mimi niko. Baba Nyamai hajambo, ni goti tu linamsumbua tangu mvua ianze. Susu, nyanya ya watoto, hajambo, amekunywa uji akamaliza. Mbula binti yangu hajambo, shule wamefunga, tunapanda kunde na yeye. Ng'ombe naye amezaa salama. Nyamai mwanangu — huyo sijui nikuambie nini. Tangu wiki iliyopita simu yake ni mteja hapatikani.

Leo akina mama wa kanisa tumeanza kufunga kwa ajili ya watoto, mpaka Ijumaa. Hakuna chakula kabla ya jua kuzama. Kila mama alileta nguo ya mtoto wake, haijafuliwa, halafu tukabadilishana. Wako unamwachia mwenzako amwombee na kumfungia. Mama mchungaji anasema ukiombea wako utalia tu, hutaomba. Shati ya Nyamai imeenda kwa Mama Kivuva. Mimi nikapewa ya mwanawe Kivuva. Hawa vijana wawili walienda pamoja Mtito Andei kubeba mizigo ya malori.

Jumanne, 4 Novemba

Shati inanuka jasho na dizeli. Namwombea Kivuva, mdomo unasema Nyamai. Najirudisha. Kivuva, Kivuva.

Simu bado.

Jumatano, 5 Novemba

Kivuva amerudi! Nimesikia vigelegele nikakimbia na matope yangu ya shamba. Ako peke yake. Nikauliza mwenzako wapi, akaanza kueleza.

Ati lori ilisimama. Wanaume wakasema kuna kazi nzuri ng'ambo ya mpaka, kulala bure, kula bure. Nyamai akapanda, naye akamfuata. Yeye Kivuva akaogopa vile walichukua simu za vijana kwanza, ati waweke laini mpya. Akashuka. Mpaka gani? Hajui.

Baba Nyamai amechukua picha ya Nyamai akaenda polisi na hilo goti.

Mama Kivuva alinikumbatia akasema, "Umeniombea vizuri, mwaitu, mama yangu."

Alhamisi, 6 Novemba

Wanamchinjia Kivuva kuku. Moshi nauona kutoka hapa. Wake amerudi, sasa Mama Kivuva atafunga ya nini? Na mpishi gani haonji? Akionja huo mchuzi mchana, Nyamai amebaki uchi, bila maombi, huko aliko. Nataka kwenda kumuuliza. Naogopa — nikifungua mdomo nitamtukana, na ndiye ameshika shati.

Nimemtuma Mbula na maziwa.

Jioni. Mbula amerudi anacheka, anakunywa maji kama ng'ombe. Ati kuku ni chumvi tupu. Kivuva alimwambia mama yake, "Mum, huyu kuku alikuwa anaishi baharini?" Mama yake hakucheka. Akasema alitia chumvi, akasahau, akatia tena. Kuonja angeonja vipi, na jua lilikuwa bado liko juu? Shati ya Nyamai alikuwa amejifunga nayo kiunoni.

Nilikaa chini hapo jikoni nikalia. Mbula akadhani nimesikia habari mbaya.

Ijumaa, 7 Novemba

Leo ilikuwa siku ya kurudisha nguo. Nimetoa ya Kivuva. Nikanyoosha mkono nipewe yangu, Mama Kivuva akaikunja akaikalia.

"Hii sirudishi. Akuje aichukue mwenyewe."

Kivuva alikuwa benchi ya nyuma, midomo imekauka, na yeye amefunga tangu asubuhi. Akina mama wakaketi tena. Hakuna aliyeenda kula, na jua lilikuwa limeshazama.

Sasa hivi, tukiwa hapa hapa kanisani, simu yangu imelia mara moja ikakata. Namba sijui ya wapi, haianzi kama zetu. Napiga, haiendi. Mbula anaandika meseji, mimi namwambia maneno:

Nyamai, kama ni wewe, ni mama. Baba yako hajambo. Susu hajambo. Mbula ndiye anaandika. Kivuva alifika. Shati yako iko kwa mama yake, haijafuliwa, na hajala. Usiogope kama ulikosea. Tuma neno, hata moja tu, haraka