Sauti ya Osewe Imetufuata Kawangware

Ploti ya Mama Gathoni,
Kawangware 46,
Nairobi.
Jumapili, 15 Machi 2026.

Mpendwa Anti Seline,

Sasa Anti? Natumai joto la Doha halijakushinda na ule mgongo wako umepoa. Madam wako amekubali utoke siku ya Ijumaa ama bado ni zile ahadi zake? Sisi huku ni wazima wa mwili. Ya moyo nitakueleza polepole, maana ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Najua umeniomba mara nyingi nikutumie ujumbe wa sauti, na mimi nakujibu na maneno mawili ya kuandika. Usidhani nakupuuza. Ukifika mwisho wa barua utaelewa. Anayekuletea ni Eddah wa kwaya, amepata kazi huko kwenu.

Tulihama Kibera, hilo ulisikia. Baada ya nimonia kumchukua kaka yangu Osewe na sisi kumzika mwezi wa Agosti, Mama hakuiweza tena ile nyumba ya karibu na stage ya Olympic. Kile kiti cha dirishani ambapo Osewe alikuwa anafanyia mazoezi ya kuimba, hakuna mtu aliruhusiwa kukikalia. Hata mgeni. Sasa Mama anauza dagaa wa omena pale stage ya 56, na mimi niko Form Three. Mwalimu wa Kiswahili ananiita Redio ya Betri Imeisha, kwa sababu nikisoma insha yangu darasani watu wa nyuma hawasikii kitu. Sijabadilika, Anti. Nikiitwa mbele bado najificha nyuma ya kitabu.

Tulidhani tumemwacha Osewe Kibera, apumzike, na sisi tupumzike. Halafu siku moja nilikuwa mferejini naosha sufuria nikamsikia akiimba.

Alikuwa juu ya pikapu yenye spika kubwa. Alikuwa anaimba Kijaluo, akiwasalimu watu wa ziwani, wa Homa Bay, wa Siaya, wa Migori, na kale kacheko kake katikati. Ile sauti si ya kufanana. Ilikuwa yeye. Kisha akamtaja Gichuru. Akasema Gichuru ndiye baba wa wapangaji wote.

Huyu Gichuru ni mzee mwenye ploti nyingi hapa, na anataka kiti cha wadi. Wapangaji wengi ni watu wetu, kwa hivyo anatuhitaji. Osewe alimjulia wapi? Hakuwahi hata kumwona.

Nilimtafuta Okeyo, yule rafiki yake wa kinanda. Alikuwa na rekodi zao zote za harusi na harambee. Hakuficha kwamba ndiye aliyewapa watu wa Gichuru.

"Hope, siku hizi simu inaweza kufanya mtu aimbe chochote," alisema. "Unaipatia sauti tu, inajazia maneno."

"Lakini amekufa, Okeyo."

"Si ndio maana! Mimi nilidhani mtafurahi. Jamaa bado anasikika mtaani."

Alisema hivyo na machozi yakamjaa, nikashindwa kumkasirikia. Nikaenda nyumbani.

Gari lilianza kupita kila jioni. Watoto wa ploti waliujua wimbo wote. Kwenye grupu ya WhatsApp ya wapangaji, ambayo kazi yake ni kulalamika maji yamepotea, sasa watu walikuwa wanautuma huko na kusema kama kijana wa kwetu amemkubali mzee, sisi ni nani tukatae. Shuleni tunafundishwa kwamba watu huchagua sera. Anti, sijasikia mtu akiuliza sera hapa. Waliuliza tu, "Gari la Osewe limepita?" Na wale waliojua amekufa wakaona ni mimi wa kuchekwa. Msichana mmoja wa darasa letu aliniuliza, "Kwani brother yako alifika mbinguni akamkuta Gichuru amejiandikisha huko?" Wote wakacheka. Mimi pia nilicheka kidogo, sijui kwa nini.

Lakini Mama ndiye aliyenitisha. Alianza kutoka mlangoni kabla gari halijafika. Kisha akaanza kumjibu. Osewe akisalimu watu wa Homa Bay, Mama anaitikia, pole pole, kama anaongea na mtu aliye jikoni. Siku moja alilifuata. Aliacha stovu inawaka na omena juu yake, akatembea nyuma ya pikapu bila viatu mpaka stage ya 56. Mama Gathoni mwenye ploti ndiye aliyeona moshi akakimbilia ndani kuizima. Nilipomfikia Mama alikuwa amesimama katikati ya watu, akaniambia, "Anaenda bila kula."

Hapo nikajua lazima ile sauti izimwe, la sivyo nitampoteza na Mama pia.

Sasa nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu yeyote, hata kanisani. Mimi pia nilikuwa namngoja. Nilikuwa naweka nguo za kufua mpaka saa ya gari kupita ili niwe karibu na barabara. Wimbo ukianza nilifumba macho nisisikie jina la Gichuru, nisikie kale kacheko tu. Kwa hivyo nilipoamua izimwe, nilijua ninachokizima.

Gichuru aliita mkutano kwenye uwanja hapa 46. Ili kutufurahisha, watu wake walileta Okeyo na kinanda chake, na mambo ya pakruok, ile mila yetu ya mtu kusimamisha muziki na kujisifu mbele ya watu. Nafikiri waliipenda kwa sababu inachangamsha. Hawakujua sheria yake. Katika pakruok, yeyote akiinua mkono na kwenda mbele, muziki unanyamaza mpaka amalize, awe tajiri au mtoto. Hakuna wa kumkatiza. Hayo tulikulia nayo.

Wimbo wa Osewe ukaanza. Niliinua mkono. Anti, sijui ni nani aliyeuinua. Okeyo aliniona, akaniangalia sana, akazima kila kitu.

Mshereheshaji akafurahi. "Haya, tuna mrembo hapa! Jisifu, dada! Jisifu bila kuogopa!"

Maiki ilinuka sigara. Nikasema, "Mimi ni Aketch, binti wa Kibera, dada ya Osewe. Huyu mnayemsikia ni Osewe. Tulimzika Agosti. Hakuwahi kuimba jina la Gichuru. Mwacheni alale."

Kwa mara ya kwanza maishani watu wa nyuma walinisikia.

Mama mmoja akaanza kulia kwa sauti, vile watu hulia matangani. Mzee Gichuru alivua kofia, akaja akanishika bega. "Pole, mtoto wangu," alisema. "Mimi niliambiwa ni kijana anaimba. Sikuambiwa ni marehemu." Nilimwamini. Tangu siku hiyo gari lake linapita na ngoma tupu.

Jioni iliyofuata Mama alisimama mlangoni akangoja. Akangoja tu. Halafu akaniuliza, "Mbona leo hajapita?" Nilimshika mkono tukaingia ndani, na ilikuwa kama tumetoka makaburini mara ya pili.

Ningetamani barua iishie hapo. Lakini pale uwanjani vijana walikuwa wananirekodi. Billy, yule anayeshindana na Gichuru, ni mtu wetu, hata anasali nasi. Juzi tulikuwa tunachagua mchele, mimi na Mama, tukasikia gari lingine. Ngoma, halafu sauti ya msichana: "Hakuwahi kuimba jina la Gichuru! Hakuwahi! Hakuwahi! Piga kura Billy, kijana wa nyumbani!"

Ilikuwa sauti yangu. Maneno ya mwisho sikuyasema mimi, lakini yalitoka kwa sauti yangu, bila woga wowote, kama msichana ambaye ningependa kuwa.

Mama aliruka, akakimbia mlangoni. "Hope! Hope, rudi ndani!"

"Mama, niko hapa."

Aligeuka. Akaniangalia mimi, akaangalia barabara, akaniangalia tena. Anti, kwa muda hakujua ni yupi wake.

Nilimwendea Billy baada ya ibada ya leo. Aliniita shujaa wetu, akasema watu wameguswa sana, na kijana wake mmoja akaanza kuinua simu. Nikafunga mdomo nikaondoka. Kila neno ningesema lingekuwa lao. Ndiyo sababu sikutumii sauti, na wewe pia nakuomba usitume yako. Andika. Au mpigie Mama, umwambie aende akae kwa nyanya kule Rongo mpaka uchaguzi uishe. Wewe ndiwe anayekusikiliza. Nakuomba hilo moja tu.

Leo mchana niliporudi kutoka kanisani, Mama alifunga mlango na dirisha, akatoa simu yake ya zamani kwenye kitambaa. Ana ujumbe mmoja wa Osewe ambao Okeyo hana, wala mtu mwingine. Alinibandika simu sikioni akaifunika na viganja vyake vyote viwili, isitoke nje hata kidogo. Hakuna wimbo. Anasema, "Mama, usifunge mlango, nakuja."

Nimekuandikia maneno yake, sauti tumebaki nayo sisi.

Mama anakusalimu sana, ingawa hajui yote niliyoandika. Mama Gathoni anasema umletee udi. Nisalimie na yule rafiki yako wa Busia mnayelala naye chumba kimoja. Mungu akufunike huko uliko, wewe na sauti yako, akurudishe ukiwa wewe mzima.

Ni mimi mtoto wako, ninayekupenda hata nikinyamaza,

Hope Aketch