Migomba Kumi na Minane kwa Msumeno Ambao Haujafika

Mpendwa mshauri, Ma Penina, nakusalimu kwa heshima, kasinge waitu, na naomba msaada wako kabla mwezi huu haujaisha, maana mimi ni seremala mwenye cheti, nimesomea kazi hii misheni miaka mitatu, na watu wa huku Muleba ndio wanaonijia mimi kuomba ushauri, si mimi kuwaendea wao, lakini sasa kuna jambo limeninyima raha na hamu ya kula, nalo ni kwamba nimeshindwa kuchagua msumeno. Jina langu naomba ulifiche.

Kijiji chetu kimenipa kazi ya kutengeneza madawati arobaini, kwa kuwa Januari watoto wote wanatakiwa waanze shule na hata waliopo sasa wanakaa chini, na kamati ilinichagua mimi ikamwacha jirani yangu Datius, ambaye ni fundi wa kubahatisha tu, kwa hiyo nikaona mtu wa hadhi yangu hawezi kupasua mbao za madawati arobaini kwa mkono kama tulivyofanya wakati wa mkoloni, lazima niwe na msumeno wa mkanda, ule ambao mafundi wa mjini wanauita bendso, wenye magurudumu mawili, moja juu na moja chini, na mkanda wa chuma wenye meno unaoyazunguka, unakata ubao ulionyooka na unakata mviringo pia.

Nimeona miwili. Wa kwanza ni wa mfanyabiashara mmoja wa mbao pale Bakoba, mjini Bukoba, anayehamia Kanada, yuko tayari tubadilishane na mbao zangu za mvule ambazo zimekauka darini tangu baba yangu yuko hai, na msumeno wenyewe gurudumu lake ni inchi thelathini na sita, ni mrefu kuliko mimi nikiwa nimevaa kofia, umepakwa rangi ya kijani na una maandishi ya Kiingereza tumboni, kinachopungua ni injini tu, lakini umeme unakuja Muleba, nguzo nimeziona kwa macho yangu, ingawa Datius anasema zile ni nguzo za simu. Wa pili ni wa Ta Lameki wa Rwamishenye, mzee wa Kilutheri ambaye macho yake yamechoka, huo gurudumu lake ni inchi kumi na nne, na anachotaka ni nimtengenezee kabati tu, tena ameahidi kunifundisha kuunga mkanda ukikatika, lakini, Ma Penina, msumeno wenyewe unaendeshwa kwa kukanyaga, na Datius akinikuta nimekaa nakanyaga kama fundi cherehani nitauweka wapi uso wangu.

Kitabu cha maelezo cha msumeno mkubwa, ambacho yule mfanyabiashara aliniazima, nilikisoma kwa Kiingereza mbele ya watu kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, nyumbani kwa huyo huyo Datius, nikawaeleza kwamba msumeno una koo, yaani nafasi iliyopo kati ya mkanda na mwili wa mashine, ubao hupita humo, na kwamba koo la huu ni pana karibu yadi nzima, watu wote wakanyamaza kwa heshima, isipokuwa mzee mmoja aliyeuliza koo hilo linakula nini.

Mwenyekiti wa kijiji naye amesema mashine kubwa kama ile haiwezi kuwa ya mtu mmoja, huo utakuwa unyonyaji, nikiileta itakuwa ya kijiji, ila huo mdogo hauna neno, ni chombo cha fundi kama randa. Hapo nikaona hata serikali inautambua ule mkubwa.

Sasa kwa kuwa ule mkubwa hauwezi kupita kwenye njia yetu nyembamba, nilitangulia kuutengenezea barabara kutoka njia kuu mpaka mlangoni, nikafyeka migomba kumi na minane, na nisieleweke vibaya, sikugusa hata mgomba mmoja wa chakula, nilikata ile ya mbire tu, ya kutengenezea pombe, ambayo mke wangu Benigna aliipanda kwa machipukizi aliyopewa na baba yake kule Kahororo tulipooana. Benigna alirudi kutoka kisimani akaiona imelala chini, akamfunga mtoto mgongoni akaenda kwao, na leo ni wiki ya tatu, na mama yangu Kokuberwa ananiwekea chakula mlangoni kisha anaondoka bila kunisalimu. Najua ni hasira za wanawake, zitapita.

Swali langu, Ma Penina, ni hili: nichukue ule wa inchi thelathini na sita au ule wa inchi kumi na nne?

Ni mimi,
Fundi Nisitajwe, Muleba.

*

JIBU LA MA PENINA

Fundi Nisitajwe, mwanangu, nimelificha jina lako kama ulivyoomba, ingawa wewe mwenyewe umemtaja mkeo, mama yako na jirani yako, na umefyeka barabara ambayo abiria wa basi la Bukoba wanaiona. Muleba nzima imeshakujua. Waliobaki ni watu wa Biharamulo.

Barua yako ina kurasa nne. Nimehesabu: msumeno umejaza kurasa zote nne, Datius umemtaja mara nne, na Benigna mara mbili, zote zikiwa chini ya ukurasa wa nne, mahali ambapo watu huandika salamu za shangazi. Kwa hiyo najua ugonjwa wako hata kabla ya kukupima.

Lakini umeniuliza habari za msumeno, nami sikwepi. Marehemu mume wangu alikuwa seremala miaka thelathini na miwili. Alioa akiwa na vidole kumi, tukamzika na saba. Kwa hiyo nisikilize.

Msumeno huchaguliwa kwa kazi, hauchaguliwi kwa kimo. Inchi za gurudumu zinakwambia koo litapitisha ubao wa upana gani, basi. Ubao wako mpana kuliko yote ni upi? Ni wa kuandikia juu ya dawati, nao hauzidi inchi kumi na mbili, na mtoto wa darasa la kwanza hahitaji zaidi. Koo la ule wa inchi kumi na nne linaupitisha na nafasi inabaki. Hilo koo la karibu yadi nzima unataka upitishe nini, mwanangu, mlango wa kanisa?

Pili, msumeno usio na nguvu ya kuuzungusha ni sanamu. Nimeuliza watu wanaojua. Zile nguzo ni za simu. Datius alisema kweli, na najua kusoma sentensi hii kumekuuma kuliko wiki tatu za kula chakula cha mlangoni. Labda unaweza kuupigia simu huo msumeno na kuuomba ukate.

Tatu, mkanda hukatika. Hukatika siku yenye kazi nyingi. Mkanda wa mashine ya mtu anayehamia Kanada utaungwa na nani, yeye akiwa Kanada? Ta Lameki yuko Rwamishenye, na mzee anayejitolea kukufundisha kuunga mkanda anakupa nusu ya msumeno juu ya msumeno. Wewe umemwona ni mzee wa cherehani. Namfahamu Ta Lameki. Viti ninavyokalia nikiandika haya alivikata kwa mguu, havijalegea tangu mwaka wa Uhuru.

Na huyo mwenyekiti wako, wallahi namvulia kilemba. Wewe utoe mvule wa baba yako, wewe ufyeke, wewe usukume, kisha mashine iwe ya wote na mkanda ukikatika uwe wako peke yako. Sijui ujamaa wa namna hiyo ameusomea wapi. Lakini kwa bahati tu amesema neno moja la maana, kwamba ule mdogo ni chombo cha fundi. Wewe ulilisikia ukadhani ni tusi.

Sasa tufike kwenye koo lenyewe. Uliwasomea watu habari za koo kwa Kiingereza, na mzee wa watu akakuuliza linakula nini. Ulidhani ni mjinga. Huyo ndiye pekee aliyekuelewa. Linakula migomba. Limekula kumi na minane kabla hata halijapakiwa kwenye lori, na baada ya migomba likamla mkeo, na sasa linakodolea macho mvule wa baba yako. Koo la namna hiyo likishiba litakuwa limemaliza ukoo. Halafu watu wa mikoa mingine wakituita sisi nshomile, wasomi wa kujidai, tunakasirika, tunasema wanatuonea wivu kwa elimu yetu.

Unaandika, tena kwa kujisifu, kwamba hukugusa migomba ya chakula, ulikata mbire tu. Weka barua hii chini uvute pumzi, kisha ufikiri kidogo. Mwanamume wa Kihaya ambaye mke wake amerudi kwao anamfuata na nini? Anamfuata na kibuyu cha rubisi, amwekee mkwe mbele, apige magoti, aseme alichokosa. Hata mwanao aliye mgongoni kwa Benigna anajua hilo. Na rubisi hutoka wapi? Hutoka kwenye mbire. Mbire zako ziko wapi? Umezilaza chini ziwe barabara ya mashine.

Nilipofika hapo kwenye barua yako nilicheka mpaka binti yangu akaja kuuliza kuna nini. Kisha nikakumbuka yale machipukizi, na kicheko kikakatika. Mzee wa Kahororo aliyang'oa kwenye kibanja chake mwenyewe cha migomba, akamfungia binti yake, kusudi ugomvi wowote utakaotokea kwenu upate cha kuumaliza. Benigna ameyapalilia miaka yote. Siku hiyo hakuiona migomba chini, aliona umemwambia kwamba hutakuja kumfuata. Na wewe unaita hasira za wanawake. Hapo nimekasirika, Fundi, na nakwambia waziwazi kwamba ungekuwa mwanangu wa kuzaa ningekuja Muleba na mwiko.

Mvule usiuguse. Kesho nenda Rwamishenye, mwambie Ta Lameki unauchukua msumeno wake, upime mahali litakapokaa kabati lake kabla hujaondoka, na ukae siku mbili ukikanyaga mbele yake mpaka akuambie basi. Usikatie madawati mviringo wala maua, maana ninakujua. Mtoto anataka pa kukalia na pa kuwekea daftari. Mbao zikate zilizonyooka, kingo uzipige randa zisiwachane miguu, na uanze wiki hii hii, kwa sababu wale wanaokaa chini hawajali gurudumu lako lina inchi ngapi. Na vidole vyako viweke mbali na mkanda. Unapomalizia ubao sukuma kwa kijiti. Nimekwisha kumzika fundi mmoja aliyedharau kijiti.

Barabara uliyoifyeka iache. Usipande kitu, usichimbue mashina. Mgomba ukikatwa hauweki kinyongo, mvua za vuli zitaleta machipukizi yenyewe. Benigna akirudi atachagua yepi yabaki, na ndiye atakayesema msumeno ukae wapi.

Nimesema akirudi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wewe uvungu wako uko kwa Datius. Yeye ana mbire. Nenda kwake mchana, watu wakikuona, bila kitabu cha Kiingereza, umwombe mikungu mitatu. Atacheka, mwache acheke, amekungoja muda mrefu. Ndizi zake uziivishe, uzikamue kwa miguu yako mwenyewe, maana kukanyaga utakuwa umeshajifunza kwa Ta Lameki. Rubisi ikiwa tayari ubebe kibuyu mwenyewe mpaka Kahororo, usimtume mtu, na mama yako Kokuberwa utangulie kumwomba radhi ili aende pamoja nawe.

Kibuyu kikifunguliwa mkweo ataonja, kisha atakuuliza, kama mzee yeyote mwenye kibanja angeuliza, mbire hizi zimetoka wapi. Usimweleze habari za umeme. Sema: "Zimetoka kwa Datius, Tata. Ile migomba uliyompa Benigna niliikata."

Ma Penina Kagaruki,
Bukoba.