Mgomba Uliobaki Kichwani pa Kaburi

Mama,

Migomba yako inakufa, na niliyeiua ni mimi. Nakuandikia kwenye karatasi niliyoichana katika daftari la shule, kwa sababu nikitaka kumwambia baba kwa mdomo, sauti hunipotea.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiamka sisi wawili, ng'ombe wakiwa bado wamelala upande wao wa nyumba. Wewe ulizoa samadi, mimi nikabeba kikapu huku nimeziba pua, tukaiweka shinani pa kila mgomba na kuifunika kwa majani makavu. Siku moja ulifunua majani ukanionyesha nyungunyungu wakijikunja. "Hawa ndio wakwe zangu," ulisema. "Nisipowapikia watanirudisha kwetu." Tulicheka mpaka baba akauliza kuna nini.

Kisha ukaugua, nami nikarudi kutoka misheni na maneno ya mwalimu: ng'ombe wasilale na watu, takataka zichomwe, ua uwe mweupe. Niliamini usafi utakuponya. Nilimshawishi baba awapeleke ng'ombe kwa baba mkubwa, kule Talatala. Nilifagia chini ya migomba yote mpaka udongo ukabaki uchi, majani nikayachoma. Moshi ukakufikia kitandani. "Mwanangu, unamchomea nani chakula?" ukaniuliza.

Nikakujibu kwamba hujui, kwa kuwa hukusoma.

Tulikuzika humo humo, kati ya migomba. Masika mawili yamepita. Udongo umekuwa mgumu kama kigae cha chungu. Mvua inapita juu yake, haiingii. Majani yamekuwa ya njano, upepo mdogo tu unaangusha mgomba mzima, na ndizi zinazotoka ni kama vidole vya mtoto. Nimechimba kwa mikono kila mahali. Sijaona nyungunyungu hata mmoja.

Shangazi husema, "Msomi wetu kafagia mpaka chakula," na watu hucheka. Baba hacheki. Amekwenda kubeba mizigo ya Wadachi wa boma ili tupate kula, na akirudi tutahamia upande wa Ipinda. Wewe hutahama.

Umebaki mgomba mmoja tu wenye nguvu kidogo, ule wa kichwani pako. Kila Jumamosi nakwenda kwa baba mkubwa, narudi na kikapu cha samadi, naiweka hapo na kuifunika kama ulivyonifundisha. Sitegemei kitu. Ila pua sizibi tena.

Naahidi kuileta hata tukishahama, kwa miguu. Barua hii naifukia chini ya majani hayo hayo. Kila nitakapokuja nitafukua nitazame. Nikiikuta nzima, nitaifunika tena ninyamaze, maana sina uso wa kukuomba radhi. Siku nitakayofukua nisione hata kipande, hapo nitapiga magoti niombe, kwa kuwa nitajua wakwe zako wamerudi mezani.

Ndaga, asante, mama. Lala.

Binti yako