Shemeji Alikuja Kuazima Hema

Jumamosi, vuli

Sijui kama nimemtendea haki shemeji yangu. Amekuja mchana kuazima hema la marehemu kaka yake. Kesho ana wageni wa kulala ukingoni mwa msitu, na la kwake limechanika.

Nilimtolea. Tangu tumzike mume wangu Elia sikuwa nimelifungua. Lilinuka moshi wa kuni na mafuta ya nyama, kama alivyonuka yeye kila tuliporudi kutoka kupiga kambi mlimani, juu ya Mwika.

Kila vuli tulikwenda kupika huko, sisi wawili tu. Mwaka mmoja alibeba maharage makavu. Nikamwambia kule juu hayataiva.

"Mke wangu, mimi Mchaga. Huu mlima unanijua."

Kuni ziliisha maharage yakiwa bado kokoto. Tukala ndizi za kuchoma, yeye akisisitiza kwamba mchuzi ulikuwa mtamu.

Shemeji alilinusa hema, akasema kwa wema kabisa, "Usijali, shemeji. Nitalifua kwa sabuni, utalipata kama jipya."

"Usilifue."

"Sasa wageni watalala na harufu hii?"

Nikashika kona ya hema. Alinitazama, akaliweka mapajani mwangu taratibu. "Basi nitatafuta kwingine."

Mvua inanyesha sasa. Nawaza atawalaza wapi wale watu, na je, wakimkimbia? Kumpigia nimeona aibu.

Nililifungua tena kidogo baada ya chakula. Nikalikunja haraka, harufu isije ikaisha.