Mtego Kwenye Mchoro wa Taa

20 Aprili

Mpwa wangu mpenzi,

Hujambo huko msituni? Na miti unayoipima haijambo? Mimi mzima wa afya, goti tu ndilo linalonisema vibaya kila asubuhi.

Habari kubwa: ile taa ya kambi ya kuchaji tunayoibuni kikundini imewaka! Saa kumi na moja mfululizo, kwa betri moja ya lithiamu isiyozidi unene wa kidole gumba. Tuko watu sita, wote wa kujitolea tu, kila mtu na kazi yake. Lakini ubongo ni mmoja, nao ninautembeza mimi. Mtu aliyetengeneza redio za manahodha katika bandari kumi na moja hafundishwi taa.

Linaloninyima raha ni kanuni yao. Mchoro hubandikwa ukutani mwa karakana, mlango wazi, kila apitaye asome, asahihishe kwa penseli, anakili akitaka. Mchoro wangu! Si sawa na kuanika chupi barabarani? Na yule mwenzetu, Mwalimu mstaafu wa sayansi, anasimama mbele yake muda mrefu mno, kalamu mkononi, midomo inachezacheza. Nimemwekea jicho.

Mjomba wako

4 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sisi huku wazima, ila mvua haituachi. Nguo zangu zimeota ukungu hata nikizikunja zinapiga chafya.

Hongera kwa taa. Hemani bado tunatumia kibatari, na wiki iliyopita mwenzangu kaunguza pazia la hema pamoja na nusu ya nyusi zake. Nitumie mchoro, tafadhali. Kulehemu ulinifundisha mwenyewe, na paneli ya jua tunayo.

Na Mwalimu mwache jamani. Mwaka juzi ulimshuku fundi bati kuwa jasusi kwa sababu havui kofia, kumbe maskini ana upara.

Mpwa wako

18 Mei

Mpwa wangu,

Salamu tele, na nguo zako nazipa pole. Mimi sijambo, usingizi tu umenikimbia kwa mawazo.

Mchoro siutumi. Bahasha hufunguliwa kwa mvuke wa birika, tena ni kazi rahisi, niulize mimi.

Sasa sikiliza: nimetega. Jumatatu nilifuta mstari mmoja pale ukutani nikachora mwingine. Umeme wa chaja hauendi tena kwenye bodi ya kinga, ile inayoukata betri ikijaa. Unaingia betrini moja kwa moja. Mwizi akiiga, betri yake itachoka upesi, atarudi kuuliza, nami nitamkamata shati. Madhara hakuna. Betri ya gari ukiijaza kupita kiasi inachemka maji tu, nimezijaza mia kadhaa na niko hai.

Jumanne nani kaja? Mwalimu, na karatasi ya miraba, akanakili mpaka nukta ya mwisho! Nikamuuliza ni ya nani. "Ya mtu fulani, Fundi. Utafurahi." Nitafurahi! Akaikunja, huyoo, akaelekea kituo cha malori. Kikulacho ki nguoni mwako.

Lori la leo limeniacha. Barua hii itangoja lijalo.

Mjomba wako

9 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Goti linasemaje? Sisi tunaendelea, ila barabara imekatika, lori halijaonekana tangu katikati ya mwezi uliopita. Barua hii anashuka nayo mpishi wetu kwa miguu.

Kaa kitako kwanza. Nina taa yako! Nilijua utaninyima mchoro, basi nikamwandikia Mwalimu aninakilie pale ukutani asikwambie. Mchoro ulifika na lori la mwisho. Nimeijenga ndani ya kopo la maziwa, inawaka vizuri ajabu. Kila siku yenye jua naiacha juu ya godoro, waya wa paneli umechomekwa kutwa nzima, naenda zangu kupima miti. Inapata joto kidogo, na betri imenenepa kama mtoto anayelishwa vizuri. Nadhani ni unyevu.

Wenzangu wanataka tatu zaidi. Zamani nikisimulia bandari zako kumi na moja walicheka. Sasa wanakuita Injinia.

Mpwa wako

12 Juni

Mpwa wangu,

Chomoa. Salamu baadaye. Chomoa waya wa paneli, itoe taa hemani, iweke mchangani mbali na watu, usiifungue. Mchoro ule niliuharibu mimi.

Mjomba

19 Juni

Mjomba,

Mimi mzima.

Mwalimu alifika na lori saa saba mchana, tope mpaka magotini, barua yako fupi mfukoni. Mimi nilikuwa bado msituni. Alikuta kopo limepasuka na betri inafuka moshi juu ya godoro. Hakungoja kumwita mtu. Alichomoa waya, akaikimbiza nje kwa mkono, ikalipuka moto mlangoni. Hema limesalimika, na mwenzangu aliyekuwa amelala mle kwa homa amesalimika. Kiganja cha kulia cha Mwalimu hakikusalimika.

Kwenye lori hilohilo ilikuja barua yako ya tarehe 18 Mei. Nimeisoma mara mbili.

Mpwa wako

30 Juni

Mpwa wangu,

Shikamoo sikuiona kwenye barua yako, na sikuistahili. Hujambo? Mwenzako homa imemwachia?

Siku nilipopata habari ya taa yako nilikimbia kwa Mwalimu, na goti hili hili. Nilimweleza yote, hadi habari ya betri ya gari. Akasema, "Fundi, hii si ya gari. Hii ikijazwa kupita kiasi inawaka." Kisha akasema, "Mtego wa panya…" akaishia hapo, maana hata mimi niliyeachia darasa la sita naijua iliyobaki. Barabara ilikuwa ndiyo kwanza imefunguliwa, na dereva ana nafasi moja. Nikasema ni yangu. Mwalimu akaniuliza, "Ukifika utashika wapi, wewe usiyejua inavyowaka?" Akapanda.

Kikundini nimesimama nikasema kila kitu. Walitaka kunifukuza. Mwalimu akawaambia nikiondoka nani atalehemu, na yeye ana mkono mmoja? Sasa kila mstari ninaouchora hupimwa na watu wawili kwa mita ndipo ubandikwe. Mimi wa bandari kumi na moja! (Ni saba. Nne niliziona kwa mbali, nikiwa melini.) Wakipima nawachemshia chai.

Mchoro sahihi uko ndani ya bahasha hii, sikuifunga kwa gundi. Chini utaona saini mbili. Ile nzuri yenye mikia ni yangu. Iliyopinda ni ya Mwalimu, kaiandika kwa mkono wa kushoto. Usishike waya hata mmoja, mwanangu, mpaka uione hiyo iliyopinda.

Mjomba wako