Kiti cha Baba na Sigara Isiyokwisha

Lubumbashi, Jumapili tarehe 16 Machi 2025.
Leo ni miaka ishirini na sita na majuma matatu tangu nilipotoka Kabalo.

Mdogo wangu Donati,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, si kitandani. Mgongo wako unasemaje siku hizi? Na macho ya mke wako Odilia, bado yanamruhusu kushona? Je, Lualaba imekwisha kushuka, au maji yangali kwenye bustani ya misheni? Sisi hapa tuko wazima. Mvua inanyesha kila alasiri, na mke wangu Leonia amekwisha kukusalimu mara mbili kabla sijashika kalamu.

Mwezi wa kwanza uliniuliza kwa simu: "Yaya, kaka yangu, chumba cha kiti cha baba kimekwisha kujengwa. Unakuja kukaa mahali pa baba, we mukubwa wa familia, ao nikae mimi? Bantu ya familia banangoja jibu mbele ya Pasaka." Nikakwambia mtandao ni mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri. Nimeamua kukuandikia kwa mkono ili nisiweze kukukata tena, na padri anayepanda huko juma lijalo ameahidi kukukabidhi wewe mwenyewe.

Nianze na kifua changu, maana jibu limo humo.

Unajua nilianza kuvuta nikiwa na miaka kumi na tisa, waliponipeleka kupokea treni kwenye stesheni ile ndogo ya porini. Saa ya ukutani ilikuwa imekufa, nasi tukapima muda kwa sigara. Mwenzangu akipokea habari kwenye simu ya reli aliniambia, "Iko sigara mbili." Nilivuta ya kwanza nimeketi. Ya pili ikiniunguza kidole, nilisimama na kuchukua bendera, na kweli treni ilikuwa inatokea kwenye kona. Nimeishi hivyo miaka hamsini na mmoja. Sikuwahi kuamua kumaliza sigara; ilijimaliza yenyewe.

Mwaka jana daktari alisikiliza mgongo wangu muda mrefu, akaniambia niache. Binti yangu Felisita alilia. Mume wake, yule Mkasai mfanyabiashara ambaye hujaonana naye, hakulia. Alikwenda Mokambo, mpakani, kuchukua bidhaa zake na akarudi na sigara ya umeme. Ni kijiti cheusi, kinene kama kalamu ya mwalimu. Unakijaza maji yake, unabonyeza, unavuta mvuke. Alileta chupa mbili za maji hayo, zenye nambari za ukali.

"Papa, uanze na hii ya chini," akasema.

"Mutu ya reli anaanza na ya chini?" nikamjibu, nikachukua ya juu. Na sigara tatu za kawaida kwa siku nilizibakiza, zimefichwa ndani ya kiatu cha Jumapili.

Wakati huo nilikuwa nikikuwaza wewe. Uliacha sigara Kwaresima moja, kwa ajili ya Bwana, na Pasaka ilipofika ukasahau kuirudia. Ulinisimulia hayo kwa kicheko, kama mtu aliyesahau mwavuli kanisani. Nilicheka nawe, lakini jambo hilo sijawahi kukusamehe.

Basi mwezi wa pili alifariki mzee mwenzetu wa reli, katika mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Wanaume tuliketi chini ya turubai, na sigara ikaanza kuzunguka kama kawaida ya matanga yetu: unapokea, unavuta mara mbili, unampa wa pili, na hakuna anayekataa. Iliponifikia niliipitisha bila kuvuta. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Nikatoa kijiti changu.

"Muangalie, Muzee Anselme anavuta telefone," akasema Kabwe, yule aliyekuwa dereva wa treni.

"Aangalie isilie mu kinywa," mwingine akadakia.

"Iko na unité ya kupigia ndani?" akauliza wa tatu. "Utupitishie, tupige ku Kabalo."

Wakacheka mbele ya marehemu, nami nikacheka. Kisha nikavuta, nikingoja iishe ili niifiche mfukoni. Sasa fikiri, Donati: kitu hicho hakina majivu, hakiunguzi kidole, hakifupiki. Nilivuta wimbo mzima. Nilivuta wakati wanasoma maisha ya marehemu, tangu ubatizo wake mpaka pensheni. Mimi, mtu wa kupima treni, nilikaa nikingoja mwisho wa kitu kisicho na mwisho.

Moyo ukaanza kugonga kama mabehewa yanayoteremka bila breki. Vidole vikafa ganzi, kinywa kikakauka, jasho likanitoka. Hewa ilikuwepo lakini haikuingia. Nilijua ninakufa, sikudhani, nilijua. Nikamshika Kabwe shati na kusema mbele ya watu wote, "Munizike Kabalo." Wanawake wakaanza kumlilia marehemu wa pili.

Wakanipeleka kwenye zahanati ya jirani. Muuguzi alikuwa msichana wa watu wa Manono, mwenye sauti ya chini. Alinipima moyo kwa mashine, akaisoma karatasi, akavuta kiti.

"Papa, ulikula nini leo?"

"Kahawa."

"Na hiki kintu, unavuta mpaka wapi?"

"Mpaka iishe."

"Na inaishaka saa ngapi?"

"Haiishi."

Akaweka kalamu chini. "Na sigareti, uliacha kabisa?"

"Kabisa."

"Papa."

"Tatu."

"Basi nikotini iko mingi mu damu yako, na kahawa juu yake. Mutima inakimbia, we unaogopa. Ukiogopa, inakimbia tena. Hautakufa leo." Akaniambia nichukue chupa ya chini, nivute mara kumi na kuweka mbali, niache zile tatu, na nipumue polepole kila hofu ikija. Tena niandike kila mara itakapokuja: nimekula nini, nimevuta nini, nilikuwa ninawaza nini.

Nyumbani Leonia hakukubali. "Hii si nikotini," alisema. "Ni baba mukwe anakuita. Kiti yake inabaki wazi, na we unakata telefone." Nilimwamini yeye kuliko muuguzi, kwa sababu hofu ilirudi hata baada ya kubadili chupa. Ilinijia kanisani. Ilinijia kwa kinyozi, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa, nikakimbilia nje na kitambaa chake shingoni. Ilinijia nikiwa nimekaa tu. Basi nikashusha sanduku kutoka juu ya kabati. Nguo zangu zilikuwa ndani, Donati. Nilikuwa ninakuja.

Lakini mtu wa stesheni akiambiwa aandike, ataandika. Usiku kabla ya kwenda kutafuta tiketi nilisoma daftari. Mara kumi na moja. Nyingine zilikuwa za kijinga: kahawa bila mkate, au sigara ya kiatuni juu ya mvuke. Mbili hazina sababu kabisa, na muuguzi anasema huwa hivyo. Zilizobaki nakunakilia kama zilivyo:

Donati ametuma picha ya paa jipya.
Felisita anasema baba mdogo Donati ana sauti ya babu.
Odilia ametuma samaki wakavu, Leonia anasema hakuna samaki kama hao hapa.
Nimekumbuka Donati alivyoacha sigara.

Hakuna mahali nimeandika jina la baba.

Kwa hiyo nakuambia, na karatasi isinionee haya: nakuonea wivu. Ulimshika mama mkono akifa, na mimi nilisikia habari zake baada ya miezi minne, kutoka kwa mtu aliyekuwa akiuza chumvi. Unajua kaburi lake kwa miguu, hata gizani. Watu wakikuita barabarani wanakuita kwa jina la baba, nami hapa ni mzee mmoja wa upande wa kaskazini. Wewe hukukimbia vita. Tulipopita darajani na mabunda kichwani ulisema utarudi kuangalia mbuzi, ukabaki. Miaka yote nimewaambia watu kwamba ulikuwa mpumbavu. Mwaka juzi uliponiambia paa la nyumba ya baba linavuja, nilifurahi, Mungu anisamehe, na siku ile nilikula vizuri.

Hicho ndicho nilichokuwa nimefunga ndani ya sanduku. Nilitaka kuja, si ili niketi, bali ili wewe usimame.

Nimerudisha nguo kabatini. Sigara za kiatuni nimempa Kabwe, ambaye anazivuta akiniangalia machoni. Kijiti ninacho bado. Navuta mara kumi, nakifungia ndani ya kopo la maziwa na kumpa Leonia. Juma hili hofu ilinijia mara moja. Niliketi kwenye ngazi, nikapumua kama nilivyofundishwa, ikapita. Ilichukua sigara moja, kwa hesabu yetu ya zamani. Wivu bado upo. Sikuahidi mtu kwamba utakwisha.

Waambie wazee wa familia hivi: mkubwa amesema Donati akae. Ukiketi kwenye kiti chake, usiegemee upande wa kulia. Mguu wa nyuma umelegea, baba aliufunga kwa waya, na waya huo ni mimi niliyeuiba stesheni.

Nisalimie shangazi yetu aliyebaki peke yake kati ya dada za baba, na katekista aliyemsomea mama sala za mwisho, na mwanao wa kwanza mwenye mashua. Mwambie Odilia samaki wake wamefika na tumewamaliza, nami ndiye niliyekula wengi.

Mimi kaka yako,
Anselme

Sitarudi Kabalo.